Kukomaa Pua

Haya alinisimulia jirani yangu Jumamosi iliyopita, tukianua nguo, na kila alipofika kwenye habari za shimo alijifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu.

Jirani huyu anafanya kazi kiwanda cha ngozi. Yeye na wenzake hukwangua mabaki ya nyama na mafuta kwenye ngozi mbichi, na uchafu wote huo, pamoja na maji ya dawa, huteremkia shimo la nyuma. Shimo likiziba, mtu hushuka kwa ngazi akazoe tope kwa ndoo. Uvundo wake unakukaba koo kama mkono wa mtu. Mgeni akianza kazi hutapika, wenyeji wakacheka. Siku akisema hasikii tena harufu, wote humpigia makofi: amekomaa pua.

Aliyekuwa akishuka ni Kibonge, waliyemwita hivyo kwa kuwa ni mwembamba kama ufito. Alhamisi alitoka shimoni akijisifu kwamba leo hakunuki hata kidogo. Msimamizi akaanza makofi, wengine wakafuata, jirani yangu naye akapiga. Makofi hayajaisha, Kibonge akaenda chini kama gunia, akatapikia viatu vya msimamizi. Akamwagiwa maji, akaketishwa kivulini, akaambiwa kaharibu sherehe. Shimo lilikuwa bado limeziba, kwa hiyo kesho yake angeshuka tena.

Jirani yangu akatumwa kuvuta ndoo iliyobaki ukingoni. Akainama. Uvundo ukakatika ghafla, kama mtu kazima taa. Kichwa kikamzunguka. Akarudi nyuma akitambaa, na uvundo ukamrudia wote kwa mkupuo. Hapo ndipo alipoelewa: shimo lilikuwa linaua pua kwanza, mtu baadaye. Akaitazama mikono yake iliyopiga makofi, ikamtia kinyaa kuliko lile tope.

Shida ni kwamba msimamizi yule ni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Ndiye aliyemwingiza kazini, na chumba alichokuwa akilala na wanawe kilikuwa cha shemeji. Shimo likisemwa, wa kwanza kuanguka ni huyo, na wao nyuma yake.

Jioni akamweleza, taratibu, kwa heshima. Shemeji alikuwa anakula, tope jeusi limejaa kwenye kucha, anachovya, analamba vidole.

"Shemeji," akamjibu, "kama pua yako ya kifalme, kauze manukato."

Watu wameshuka miaka yote, akasema, na huyo Kibonge tumbo tu lilimchafuka. Akalamba kidole cha mwisho, akakinyonya hasa. Jirani yangu akatoka nje akatapika, mara ya kwanza tangu akomae pua.

Asubuhi hakwenda kiwandani. Alikwenda ofisi ya kazi, akataja jina lake na la shemeji, yote mawili. Wakaguzi wakafika Kibonge keshashika ngazi. Wakateremsha kipimo cha hewa ya sumu kwa kamba, nacho kikalia hata nusu ya shimo hakijafika. Shimo likafungwa, na shemeji akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe.

Shemeji hakufoka. Alisimama mlangoni kwake, akimtazama kama mtu aliyekuta mende kwenye kikombe.

"Nilikutafutia kazi, wewe ukanitafutia njaa," akasema. "Nakihitaji chumba changu."

Jirani yangu akaanza kufunga vyombo. Giza likiingia, Kibonge akapita kumjulia hali. Alifika kizingitini tu, akakunja uso, akaziba pua.

"Dada," akasema, "mbona unanuka hivyo?"

Jirani yangu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Kibonge akaondoka akiomba radhi, asijue kilichomchekesha.

Watoto walikuwa wameshalala. Akajinyoosha kando yao, katikati ya mafurushi, akanusa kiganja chake. Kilikuwa kinanuka vibaya sana. Akanusa tena, kuhakikisha kwamba pua iko hai, kisha usingizi ukamchukua.