Barua ya Kumsifia Wifi

Fundi alikuwa mtu wa Mungu, hilo halina ubishi, lakini wifi yake alikuwa amemkaa kama mwiba wa samaki kooni. Tusizunguke mbuyu: alimwonea wivu.

Kwa miaka kumi na minne, kila Alhamisi saa nne asubuhi, Fundi alifunika cherehani yake, akabadilisha viatu, akawaongoza akina mama wa kanisa kwenda gereza la wanawake kuomba na wafungwa. Askari wa getini walimtambua kwa sauti tu. Hakukosa hata wiki aliyomzika mama yake. Na kwa miaka yote hiyo Mungu hakuwahi kumwita mahali pengine zaidi ya pale getini. Halafu anakuja wifi, mke wa mdogo wake, mtoto wa juzi anayepiga chapa kwenye duka la fotokopi. Anahudumu miaka miwili tu, kisha Jumapili moja anasimama mbele ya kanisa zima na kusema, kwa sauti ndogo, kwamba Mungu anamwita akasomee sheria ya haki za binadamu.

Kanisa zima likasema amina. Fundi naye alisema, ila yake ilitokea puani.

Chuo cha kanisa kilikuwa na nafasi moja tu ya kusoma bila ada. Mwombaji alitakiwa kuleta barua kutoka kwa kiongozi wa huduma aliyoitumikia, na fomu ilitaka ushahidi wa wito wake. Kiongozi mwenyewe ndiye huyo Fundi. Barua isipofika Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nafasi inakwenda kwa mtu wa usharika mwingine.

"Wifi, samahani kwa kukusumbua," alisema wifi yake, ameishika fomu kwa mikono miwili. "Mchungaji amesema ni wewe."

"Sheria ni ngumu, wifi yangu. Utaiweza, na nyumba, na mtoto?"

"Sijui kama nitaiweza. Ninachojua, nikikaa hivi hivi sipati amani."

Jibu hilo lilimchoma Fundi kuliko majivuno. Mtu akijigamba unaweza kumsema hadi kwa majirani. Mnyenyekevu utamshitaki wapi?

Jumatano jioni aliandika barua fupi yenye adabu zote. Namfahamu mwombaji. Ni mpole, huwahi, na huimba vizuri. Akaisoma mara mbili, akaridhika. Haikuwa na uongo hata chembe, na hakuna kamati ambayo ingempeleka mtu kusomea sheria kwa sababu ya kuimba vizuri. Kijiba cha roho kikiandika barua, huandika kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake aliwaambia akina mama wapumzike, na wifi pia, akaenda gerezani peke yake. Alitaka wafungwa wakumbuke mwenye huduma ni nani.

Aliacha simu getini, akasaini kitabu, akaketi kwenye benchi la uani. Hajafungua hata Biblia, mfungwa mmoja akauliza, "Yule mdogo wa daftari yuko wapi?"

"Leo hakuja?" akadakia mwingine.

Daftari hilo Fundi alilijua. Wifi alikuja nalo kila Alhamisi, naye siku zote alidhani anaandika mahubiri. Akatabasamu kwa meno tu, akageuza maneno. "Na Bibi Kikohozi mbona simwoni?"

Bibi Kikohozi alikuwa kipenzi chake, mzee aliyeketi ubavuni mwake kila wiki na kumshika mkono wakati wa sala.

"Ametoka, mama. Tangu Jumatatu."

"Kifungo chake kimeisha?"

Nyapara, mfungwa anayewasimamia wenzake, aliinamisha macho kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa. "Kiliisha miezi saba iliyopita. Mahakama ilimpunguzia, lakini karatasi haikufika hapa. Yule wa daftari alimwuliza Bibi alihukumiwa lini na anatoka lini. Majibu hayakumwingia akilini. Akaenda masijala ya mahakama mara nne, mpaka wakaitafuta na kuitoa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ni kazi ya huduma. Alitukataza tusimtaje."

Kilichotangulia ni wivu. Hata hili kalifanya, tena kimyakimya. Aibu ilikuja nyuma yake, polepole, na ilipofika haikutaka kuondoka. Kwa miezi saba Bibi Kikohozi alimminya mkono na kumwambia, "Niombee, Fundi, nataka kwenda kwangu." Naye Fundi alifumba macho, akamwombea uvumilivu. Alimwombea vizuri, kwa machozi. Na yule mzee, ambaye alistahili kuwa nyumbani kwake, akaitikia amina.

Jioni aliichana ile barua, akaandika nyingine.

Ijumaa asubuhi Mchungaji aliisoma amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alipofika katikati alipunguza mwendo, akaanza kusoma kwa sauti. "Kwa miezi saba mfungwa mmoja alizuiliwa bila haki. Nilikaa naye benchi moja kila Alhamisi nikimwombea uvumilivu. Wifi yangu alimwuliza anatoka lini."

Akavua miwani. "Fundi, hapa unajivua nguo mbele ya kamati. Watahoji hata uongozi wako. Tufute hii sehemu yako, tubakize ya wifi."

"Ukiifuta, wataona msichana aliyebahatisha. Hawatajua kwamba wengine tulikuwepo, tena miaka kumi na minne, na hatukuuliza."

Mchungaji alirudisha miwani usoni. Hakuwa mgeni wa watu wake, na ile amina ya puani aliisikia. "Kwa hiyo wivu umekwisha?"

"Haujaisha," alisema Fundi. "Unanikaba hata sasa hivi. Nilitaka Mungu aniite mimi." Akamsogezea ile barua. "Piga mhuri, Mchungaji, kabla sijabadili nia."