Kipimo cha Figo ya Gvozden

Gvozden aliufunga mlango wa chumba cha altrasaundi kwa ufunguo, akachomoa kisu cha kuchinjia nguruwe. Alinuka rakija, pombe kali ya matunda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huyu alikuja na silaha kabisa.

"Pima," alimwambia Daktari Vukosava. "Ukiniambia na mimi mshipa umeziba, nakuchinja."

Vukosava alijua kwa nini. Mwaka jana alimpima Radisav, kaka yake Gvozden, aliyewekewa kibomba cha wavu ndani ya mshipa wa figo ili usizibe. Kibomba ni kigumu, damu hupita humo kwa kasi hata mshipa ukiwa mzima. Vukosava akatumia kiwango cha kasi cha mishipa isiyo na kibomba, akaandika kwamba umeziba tena. Madaktari wa upasuaji wakaenda kuzibua kisichoziba, mshipa ukachanika, Radisav akafa mezani. Vukosava aligundua kosa lake baada ya mazishi, akanyamaza. Aibu ilimtafuna tangu hapo.

Gvozden naye alikuwa na kibomba kama hicho, na figo moja tu.

"Lala basi," alisema Vukosava, akampaka jeli ubavuni.

Kioo cha mashine kikaonyesha damu ikipita kwa sentimita mia nne na kumi kwa sekunde, mara tano ya kasi ya mshipa mkuu. Hata kwa kiwango cha vibomba, hapo hapakuwa na ubishi. Uongo ungemwokoa yeye, na figo ingekufa kabla ya Krismasi.

"Sema."

"Umeziba."

Kisu kikampasua shavu. Gvozden akamkamata nywele, akamgonga uso ukutani mara mbili, jino likang'oka.

"Rudia kupima," alisema, akilala tena.

Akarudia, damu yake ikidondokea kwenye jeli. Mia nne na kumi.

"Kwa kaka yako nilikosea," alisema, akitema damu. "Nilitumia kiwango kisicho chake. Leo sikosei. Niue ukitaka, ila nenda ukazibuliwe."

Gvozden akamwekea ncha ya kisu kooni.

"Mwaka mzima mnatuambia ni kudra ya Mungu."

"Ilikuwa mimi. Niliogopa kusema."

Gvozden akakiondoa kisu kooni. Akaanza kulia kwa sauti, kisu bado kimo mkononi.

"Andika majibu," alisema. "Yangu, na ya Radisav."

Vukosava akaandika ya Gvozden kwanza, maana figo ilikuwa haingoji. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika jina la marehemu, na chini yake kosa lililomuua, na jina lake mwenyewe.