Blanketi la Mtu wa Tatu

Usiku wa jana niliota gari langu limeingia sebuleni, likavua matairi mlangoni kama mtu mwenye adabu anavyovua viatu, likaketi kwenye kochi.

Kabla sijaendelea nieleze jambo moja, maana ndoto haianzii hewani. Jana jioni nilimwambia mke wangu, Mama Sauda, kwamba gari nimeshalikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia. Si kweli. Nilikata bima ndogo, ya mtu wa tatu, ile inayomlipa mwenzio uliyemgonga. Wewe na gari lako mnajijua. Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye mbuzi wa Jumapili, kwa sababu Jumapili nyumba yangu hujaa, na mimi nyumba isipojaa naumwa. Mama Sauda ndiye mpishi wa shughuli, harusi na arobaini za Tanga yote hii, na hilo gari letu, Spasio, ndilo linalobeba masufuria. Siku likifa, tumekufa nalo. Aliniuliza mara mbili: kubwa kweli? Nikamwambia kubwa kweli. Akageukia ukutani akalala.

Basi gari limekaa kwenye kochi, na nyumba imejaa kama kawaida. Yupo Bi Rukia wa nyumba ya pili. Yupo Shekalaghe, fundi cherehani. Wapo shemeji zangu wawili, waliokuja kusalimia mwezi wa tatu na bado wanasalimia. Hakuna aliyeshangaa. Mama Sauda akaliletea gari chai, sukari vijiko vitatu, akaikoroga mara saba, kama anavyonikorogea mimi miaka kumi na tisa bila kuuliza.

Gari likafungua boneti, likainywa chai kwa rejeta. Kisha likasema, "Baba Sauda, nasikia baridi. Nipo uchi."

"Una rangi," nikaliambia.

"Rangi si nguo. Bima yangu imeisha."

Watu wote wakainamisha vichwa, kama gari limetaja msiba. Shekalaghe akasema twende, anapajua pa bei nafuu. Nikafungua mlango wa sebule. Mtaa wetu wa Mikanjuni haupo. Pale lilipokuwa jalala pana saluni ya kinyozi ya mtaa wa Makorora, na tumeshaingia ndani.

Kwenye kiti cha kinyozi amekaa Muhuri. Ni muhuri wa ofisini, wa mpini wa mbao, ila ana kimo cha mtu, amefungwa kitambaa shingoni, ananyolewa. Ndiye wakala. Kwenye rafu, mahali pa mafuta ya nywele, yamepangwa mablanketi.

"Lile jekundu la maua ndiyo bima kubwa," anasema Muhuri bila kugeuka, maana wembe uko shavuni. "Lile la kijivu ndiyo ndogo."

Lile jekundu ni zito, la aina wanayopelekewa mabibi harusi. Lile la kijivu ni la hospitali. Ukilitazama unaona mpaka upande wa pili.

Nikauliza hilo kubwa linafunika nini. Akasema linanifunika mimi, gari, moto, mwizi, mafuriko na yeyote nitakayemgonga. Nikasema nipe. Akasema kwanza niseme ukweli. Pale sheria ni moja tu, mtu akiulizwa anasema yote. Nilifurahi. Kusema yote ndiyo kipaji changu. Nimeshasutwa kwa ajili yake mitaa mitatu.

"Gari hili anaendesha nani?"

"Mimi peke yangu," nikajibu.

Blanketi jekundu likashuka lenyewe kutoka rafuni, likapiga magoti miguuni pangu. Nikaligusa. Uzi ukatoka. Nikauvuta kidogo, ukaja. Nikauvuta tena, ukaja wote, na blanketi zima likafumuka mikononi mwangu, nikabaki nimeshika bonge la nyuzi.

"Uongo ndiyo bei nafuu," akasema Muhuri. "Unashusha blanketi haraka. Lakini siku ya ajali ukija kujifunika, utakuta hivyo ulivyokuta."

Nyuzi zikajisuka upya, blanketi likarudi rafuni, na Muhuri akasema sasa aulizwe mwenye habari. Akaligeukia gari.

Gari likakohoa moshi, likaanza. Sikujua kwamba lilikuwa linasikiliza miaka yote ile. Likaeleza kuwa Shekalaghe aliliazima kwenda harusini Pongwe akarudi nyuma nalo mpaka ndani ya turubai la akina mama. Likaeleza kuwa shemeji yangu mkubwa huliazima kila Alhamisi kwenda kliniki, na kliniki yenyewe ina dirisha la pazia la pinki kule Kange na huwa imejipaka hina. Bi Rukia hana leseni, lakini siku za gulio anaendesha, na akifika kwenye mzunguko wa barabara anafumba macho na kupiga dua mpaka autoke. Limebeba mbuzi, limebeba majeneza, limebeba bwana harusi aliyekuwa anakimbia harusi yake mwenyewe, naye alikuwa amejilaza chini ya sufuria la pilau.

Nakiri ulikuwa umbea mtamu. Hata kinyozi alisimamisha wembe. Hata mimi nilisogeza kiti. Lakini kila neno lilipotoka, blanketi jekundu lilipanda rafu moja. Kwenye kliniki lilishafika juu kabisa. Kwenye bwana harusi dari ikafunguka, blanketi likatoka nje, likawa doa jekundu mbinguni.

"Na breki?" Muhuri akauliza.

Gari likashusha sauti. "Breki," likasema, "naomba tusizungumze mbele za watu."

Blanketi halikuonekana tena.

Nikauliza hilo la kijivu masharti yake. Muhuri akasema hilo haliulizi maswali. Nikauliza linamfunika nani. Akasema, "Mtu wa Tatu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni wa kwanza," akasema, kwa sauti ya kunipa hongera. Akasimama, akajigonga kwenye paji la uso wangu, na wino ukanitiririkia machoni.

Nafuta macho. Saluni haipo. Kiti cha kinyozi ni kochi langu, na tumerudi sebuleni, wote tuliotoka na mmoja wa zaidi. Amekaa pale nilipozoea kukaa mimi. Nguo zake safi. Sura yake ni ile ya mtu unayemwona kwenye albamu ya watu wengine, pembeni ya picha, na kila mmoja anadhani ni ndugu wa mwenzake.

Kwa mazoea nikamkaribisha. Ndugu yangu, unatokea wapi, kwenu ni kina nani?

Akanyanyua kidole. "Usinijue. Ukinijua nakuwa mtu wako, na mtu wako blanketi halimfuniki. Nimekuja pamoja na blanketi."

Haijatokea mtu akaingia kwangu chai ikapoa sijajua ukoo wake. Nikameza swali langu. Ilikuwa kama kumeza mfupa.

Ndipo baridi ikaja. Sisi watu wa Tanga mjini baridi tunasimuliwa na waliotoka milimani Lushoto, lakini hii ilipita chini ya mlango, ikapanda miguuni, maji ya kwenye jagi yakawa jiwe. Nikachukua lile blanketi la kijivu nikalitupia gari kwanza, maana ndilo lililoanza kulalamika. Likateleza. Nikajifunika mwenyewe. Likateleza, likasema samahani. Nikamfunika Mama Sauda. Kwake lilikaa kidogo, kama linafikiri, kisha likaanguka.

Mtu wa Tatu akaliokota. Likamganda. Likajikunja chini ya miguu yake, likajivuta mabegani, likatanuka hadi likafika kwenye friji, na bado nafasi ilikuwepo ya watu arobaini.

Bi Rukia anatetemeka. Anamuuliza, baba, hivi mtu anakuwaje wa tatu?

"Rahisi," anasema. "Msijuane na huyu."

Bi Rukia akanigeukia. Ni jirani yangu wa miaka kumi na minne. Chupi zangu anazijua kambani moja moja, hata iliyochanika aliwahi kuniambia yeye. Akanitazama vizuri, akasema, "Samahani kaka, hapa ni kwa nani?"

Kabla sijajibu alishaingia chini ya blanketi.

Shekalaghe, anayenishonea suruali tangu ujana, akaniuliza kiuno changu inchi ngapi, akaingia. Shemeji wakaniuliza kama naifahamu njia ya stendi, wakaingia wakifuatana. Muda si mrefu nikasikia vicheko mle chini. Nikasikia umbea unaanza, na ulikuwa mzuri, nikainama kutega sikio. Walikuwa wananisema mimi. Walikuwa wananisema kama mtu wa mji mwingine: eti kuna bwana mmoja, jina limetutoka, alimdanganya mkewe kwa sababu ya mbuzi.

Amebaki Mama Sauda. Midomo yake imekuwa ya kijivu. Nikamwambia asiende.

"Baba Sauda," akasema, "uliniambia kubwa."

"Nilikuambia."

"Kubwa kweli?"

Nilitaka kusema kubwa kweli. Nikafungua mdomo, nikahisi uzi mwekundu unanitoka ulimini, taratibu, unashuka kidevuni. Yeye alikuwa anautazama.

"Ndogo," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akajifunga kanga vizuri, kama anavyojifunga siku za msiba. Akaenda kwenye kabati, akateremsha vikombe vya wageni, vile vya mdomo wa dhahabu ambavyo hata watoto wetu wanajua havishikwi, akapitisha kimoja kimoja chini ya blanketi mpaka kila mtu akapata. Kisha akanitazama kwa huruma, ile ya watu wanaokutana kwenye benchi la hospitali.

"Mwenzetu," akasema, "wewe unamsubiri nani?"

Akaingia. Blanketi likajifunga nyuma yake.

Sasa nyumba imejaa. Sijawahi kuiona imejaa namna ile, wote wamebanana, wote wana joto, wote wanacheka, na mimi nimekaa sakafuni na gari.

"Angalau wao wamepata joto," gari likasema.

Likawasha hazadi, zile taa za manjano, kushoto na kulia kwa pamoja, likawa linapepesa, linapepesa, kama mtu anayejizuia asilie mbele ya mwenye nyumba.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Mbuzi analia uani. Nikachungulia dirishani: Spasio lipo chini ya mwembe wa jirani, matairi yote manne, limefungwa mdomo. Nikajipapasa paji la uso, hakuna wino. Nikacheka peke yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaamua jambo hili simwambii mtu.

Sebuleni Bi Rukia alishafika. Aliponiona tu akasema usiku nimekoroma kama ekzosi iliyotoboka, amesikia mpaka kwake. Sijawahi kufurahia kutukanwa kama asubuhi ile. Ananijua. Nikakaa mahali pangu, nikamtania kuhusu leseni, akacheka, tukaingia kwenye habari za mtaa.

Mama Sauda akatoka jikoni na chai.

Kikombe changu ni cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi kwenye kishikio. Nilikiona kutoka pale nilipokaa, kipo kwenye msumari wake ukutani, kikavu. Alichoniwekea mbele yangu kilikuwa na mdomo wa dhahabu, juu ya kisosi. Akakiweka kwa mikono miwili. Bi Rukia akaacha neno katikati.

Akafungua bakuli la sukari, akashika kijiko juu yake, akasubiri. Macho yake yalikuwa ya upole kabisa.

"Sukari vijiko vingapi?"

Nikakitazama kile kijiko.

"Vitatu," nikasema. "Ahsante."

"Karibu," akasema, na akakoroga mara moja tu.