Boti Linalokunywa Kidogo

Mimi Dorkas sikuzaliwa ziwani, wala sikuomba kuhamia huko. Serikali ilisema watu tukae pamoja, basi tukashushwa kutoka milimani Iramba mpaka kijiji kipya kando ya Ziwa Kitangiri, na mwaka uleule mvua ikagoma. Uwele ukakauka ungali mchanga. Chakula kilichobaki kilikuwa ndani ya maji, na sisi chombo hatukuwa nacho.

Mume wangu Melkizedeki akaamua tumtoe Majivu, ng'ombe niliyepewa na baba yangu, tupate boti lililokwisha kutumika. Tulikuwa tumebaki na ng'ombe huyo mmoja tu. Nikamwambia, "Baba Hana, ukimtoa Majivu kwa boti bovu, watoto watakosa maziwa, na samaki pia. Hapo mimi narudi kwetu." Sikuwa natania.

Mwenzangu alikuwa na mipango tele. Siku za kazi avue, Jumapili atuvushe kwenda kanisani, na Saba Saba ashindane kupiga makasia na vijana wa ng'ambo. "Boti moja, kazi tatu," akawa anaimba nyumba nzima. Na kuogelea kwenyewe hajui!

Tukaenda kwa Ignas, mvuvi wa siku nyingi pale ziwani, aliyekuwa akitafuta ng'ombe mmoja wa kukamilisha mahari ya mwanawe. Alikuwa na maboti mawili. Moja lilikuwa nchi kavu, limepakwa rangi ya buluu, linang'aa. La pili lilikuwa majini, limeungwaungwa kwa vipande vya bati na lami, sura haitamaniki.

"Lile la mabati si la kuuza," Ignas akasema. "Lenu ni hili la buluu."

Baba Hana akalizunguka, akalipiga mbavu kwa kiganja, akainama kulitazama nyuma. Yaani kama yuko mnadani!

"Lifungue na mdomo, uone meno," nikamwambia. Hakucheka.

"Lina kasoro?" akauliza.

"Halina," Ignas akajibu. "Linakunywa kidogo tu."

Uso wa mume wangu ukachanua. Kwetu mfugaji akiambiwa mnyama hanywi sana, ameambiwa habari njema, maana kiangazi ni kirefu na kisima kiko mbali. "Umesikia, Mama Hana? Linakunywa kidogo!" Tayari alikuwa anamfungua Majivu kamba.

Nilisikia. Boti linywe nini? Lina kiu?

"Shemeji Ignas," nikasema, "kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni apokee kibuyu. Na wewe lionje hili kwanza. Panda wewe na mkeo, mfike kwenye yale matete, mrudi."

"Hilo tu?" Akalisukuma majini, akaingia, akashika makasia. Lakini mkewe Luciana, aliyekuwa ameketi anaparua samaki, hakuinuka.

"Njoo basi, mama," Ignas akamwita.

"Humo? Humo sipandi, na sababu unaijua."

Hee! Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu ya Ignas, na yanazidi kupanda. Baba Hana akayatazama, akarudi taratibu kumfunga Majivu. Ndipo alipoelewa kinachonywewa ni nini.

"Wewe unapanda lipi?" nikamuuliza Luciana.

Akaonyesha lile la mabati kwa kidevu. "Wanangu wote nimewavusha na hilo."

"Basi tupeni hilo."

Ignas akaja juu, suruali inachuruzika maji. "Nimesema si la kuuza!"

"Na mahari utapeleka nini, hilo la buluu?" Luciana akamjibu. "Wape. Wewe baki na hilo ulilolipaka rangi, ukalizibe."

Ignas akaguna, akaenda kukaa mbali. Luciana akanawa mikono, akaja kushika kamba ya Majivu. Akanitazama machoni.

"Na huyu je? Ana kasoro?"

Baba Hana akanikanyaga mguu. Nilijua anachotaka. Nikisema kweli, tunarudi mikono mitupu kwa watoto walioshindia uji wa pumba. Nikinyamaza, boti ni letu. Niliogopa. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemuumbua mumewe mbele ya wageni ili wanangu wasizame.

"Chuchu moja imekufa," nikasema. "Haitoi kitu."

Baba Hana akafumba macho.

Luciana akachutama, akazikamua moja baada ya nyingine. Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Tatu zinatosha," akasema, akamvuta Majivu kwenda zizini kwake.

Nililia palepale mbele ya watu, wala sikuona haya, mpaka Baba Hana aliponishika mkono kuniingiza botini.