Koleo la Merv na Petroli ya Tisini na Nane

Asikwambie mtu, Merv Tunstall alikuwa mbishi. Kila mwaka, siku ya maonyesho ya Wirrabilla, huku bara ya Queensland, watu waling'oa visu kwenye mashine za kukatia nyasi, wakazipanda na kushindana mbio. Mshindi ndiye aliyeshika koleo la kuchomea soseji za mji mwaka mzima. Merv alikuwa amelishika miaka kumi na tisa. Bila koleo lile alijiona si mtu.

Mwaka huu shemeji yake Noelene, fundi wa matrekta, naye akajitosa. Merv akaona koleo linamponyoka. Asubuhi na mapema akaenda kwenye kituo pekee cha mafuta, akanunua petroli yote iliyobaki ya oktani tisini na nane, akajaza tangi na madumu mawili.

"Hii ndiyo yenye nguvu," akamtambia Noelene, aliyefika nyuma yake na dumu tupu. "Wewe kunywa tisini na moja, shem!"

"We Merv, nguvu gani? Oktani ni uvumilivu tu, mafuta yasijilipukie kabla ya cheche. Kimashine chako kinabana hewa kwa upole, kinatosheka hata na tisini na moja. Yangu nimeikwangua silindahedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inabana hewa kweli kweli. Nikiipa hiyo ya chini itagonga mpaka pistoni itoboke. Tubadilishane basi."

"Thubutu!"

Bendera ikashuka. Mashine ya Noelene ikagonga kama misumari ndani ya kopo, ngo ngo ngo, ikambidi aiendeshe kwa kunyata. Merv akapita kwa mwendo wake uleule wa miaka yote, mwendo wa bata, akashinda.

Akanyanyua mikono. Watu wakageuza nyuso. Hata mkewe, Glenys, alikuwa anaangalia viatu.

"Jamani, hakuna hata makofi?"

"Injini ya Noelene tuliichangia mji mzima, Merv," Glenys akasema. "Miaka kumi na tisa tunakula mkaa! Tulitaka mara moja tu tule soseji isiyoungua."

Ilimchoma. Akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea, hata mchungaji wa kanisa akakohoa tu. Merv akalichomoa koleo kiunoni, akamnyooshea Noelene.

"Haya, shika. Lakini vitunguu nakaanga mimi."

"Navyo viache, Merv!" mji mzima ukajibu.