Ua la Kuozwa

Saa nne kasorobo asubuhi, Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini sita mdomoni, akikunja pindo la gauni la bibi harusi. Simu ikalia juu ya meza ya kupigia pasi.

"Nipokelee, mwanangu," alisema kwa meno yaliyobana. "Weka sauti kubwa."

Bibi harusi akanyoosha mkono bila kusogeza mguu. Mara sauti ya kaka yake Mama Vifungo, aliyekaa naye nyumba moja, ikajaa chumba kizima. Huyo alikuwa fundi bomba, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Koki.

"Wewe Vifungo! Hili dude lako limetoa kitu."

Pini zote sita zikamdondoka.

Hilo dude lilikuwa mvanila. Mteja mmoja alimletea kipande chake, urefu wa mkono, kimefungwa kwenye gazeti bichi, na kwa miaka minne Mama Vifungo alikilea kama mtoto wa kunyonya. Uani kwake kulikuwa na mimea mingi ambayo majirani walikuja kuitolea macho: kunde za mapambo zenye maua ya buluu yanayogeuza chai rangi ya wino, tangawizi yenye ua jekundu linalosimama kama mwenge, nyanya zinazoning'inia juu ya mti mrefu kuliko mtu. Hiyo Koki aliivumilia, kwa kuwa mingine ilipendeza na mingine ililika. Mvanila ulikuwa umetoa majani tu, tena kwenye ile kona aliyoitaka kwa tenki la maji. Ndugu hao wawili wakakubaliana: msimu huu usiposhika hata tunda moja, Jumamosi unang'olewa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na katika kishada kizima cha vitumba konokono walikuwa wamebakiza kimoja tu.

"Kitu gani, kaka? Sema vizuri!"

"Kina rangi ya ndimu inayoanza kuiva. Kimefumbua mdomo. Nilikuwa napima mahali pa tenki kwa futi, nikakiona."

Limechanua! Mama Vifungo akasimama, akaketi, akasimama tena. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na ikifika adhuhuri limekwisha kujifunga. Wadudu wa pale hawaijui kazi yake. Lazima liguswe kwa mkono wa mtu. Na kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu, na bibi harusi gauni halina vifungo, na saa sita anatakiwa awe ametoka.

"Kaka, nisikilize. Hilo ua linaozwa leo, kabla ya saa sita!"

"Linaoza? Basi usihangaike, nalikata nalitupa. Mkasi uko wapi?"

"Usikate!" wakapiga kelele wote wawili, mshonaji na bibi harusi.

"Sasa na wewe mwingine ni nani?"

"Kuozwa, kaka! Kwa ndoa! Sikusema kuoza kwa kunuka!"

Koki akauliza polepole, "Linaozwa kwa nani?"

"Lenyewe kwa lenyewe. Bwana na bibi wote wamo humo humo ndani."

"Yaani wanakaa nyumba moja, wanakula mbolea bure, na hawajaoana?"

Bibi harusi akacheka hadi pini ikamchoma kiunoni.

"Tafuta mtu mwingine," Koki alisema. "Vidole vyangu ni vya kufungulia nati."

Mama Vifungo akatazama vidole vyake mwenyewe, vilivyoweza kutunga uzi sindanoni bila miwani. Leo havikuwa na faida yoyote. "Kaka yangu, tafadhali. Sijawahi kukuomba kitu mwaka huu."

"Juzi uliniomba nikuokotee konokono."

"Ukiacha hilo."

Koki akaguna, lakini mguno wa kukubali. Akatumwa kijiti cha kuchokolea meno. Akaambiwa alishike ua kwa kushoto kama anavyoshika kifaranga, apasue taratibu ule mdomo uliojikunja. Ndani akaona kinguzo cheupe.

"Kwenye ncha kuna unga wa njano. Huyo ndiye bwana. Chini yake pana unyevu, ndipo alipo bibi. Katikati kuna kijiulimi kinachowatenga."

"Sioni ulimi."

"Upo, kaka."

"Nakwambia haupo! Kuna kingozi tu hapa, nikikigusa kitapasuka, halafu mseme nimeliua ua."

Saa tano ikapita. Mama Vifungo alishona kifungo cha nne huku akieleza: ni kama pazia. Koki hakuelewa. Ni kama ukosi wa shati. Hakuelewa zaidi.

"Kama shela!" bibi harusi akasaidia. "Unaifunua!"

"Mimi shela nimeifunua mara moja maishani, tena nilitetemeka," Koki alijibu. "Ngoja kwanza. Hiki kinafunguka upande mmoja tu?"

"Ndiyo."

"Kinazuia cha juu kisikutane na cha chini?"

"Ndiyo, kaka, ndiyo!"

"Aaah! Si useme ni vali!"

Vali: kile kibati kidogo ndani ya bomba, kinachozuia maji yasirudi yalikotoka. Koki alikuwa amezifungua vali maelfu.

"Ni vali, kaka! Ni vali tupu! Iinue kwa kijiti, halafu bana juu kwa dole gumba, unga uguse unyevu. Usikaze!"

"Vali usinifundishe."

Zikabaki pumzi zake tu simuni. Bibi harusi alimshika Mama Vifungo bega, akasahau kabisa kuwa siku hiyo ilikuwa yake.

"Tayari," Koki akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dole gumba limebaki na unga wa njano. Ninawe, au?"

Bibi harusi akapiga kigelegele mpaka mpangaji wa jirani akachungulia.

Ua lisiloshika hudondoka siku ya pili. Kulipokucha Ijumaa, Mama Vifungo alitoka uani akiwa hajavaa hata viatu, akamkuta kaka yake amechuchumaa mbele ya mvanila, uso umemshuka.

"Limenyauka, mdogo wangu. Nisamehe. Nadhani nilikaza."

Mama Vifungo akainama, akaligonga lile ua lililosinyaa kwa ncha ya kidole. Likatikisika. Akaligonga tena. Liling'ang'ania pale pale, na chini yake kikonyo cha kijani kilikuwa kimesimama imara.

"Limeshika," alinong'ona. Kisha akapaza sauti: "Kaka, limeshika!"

"Limeshika? Na linakomaa lini?"

"Miezi tisa."

Koki akacheka mpaka akaketi chini kwenye udongo. Alipopata pumzi akainuka, akajipangusa, akaipa ile kona mgongo na kuvuta futi yake kuelekea upande wa pili wa uani, kwenye rundo lake la mabomba chakavu ambalo kwa miaka halikuruhusiwa kuguswa na mtu.

"Njoo ushike huku mwisho," alisema. "Na ukanyage taratibu, kuna mjamzito hapo."