Faili Likiwa Mezani

Jirani msusi anaapa kwamba mke wa fundi saa, mtu wa kuja, aliomba ukaazi wa kudumu, kisha faili likiwa bado mezani akasafiri kwao kumuuguza baba yake. Wakaguzi wakabisha hodi bila taarifa. Wakamkuta mume peke yake, shati halina vifungo, anakula ndani ya sufuria. Wakaandika: hapa hakuna ndoa. Mwanamke aliporudi akaambiwa aanze kuhesabu miaka upya. Msusi alisimulia hayo kana kwamba alikuwa amepakatwa na wakaguzi wenyewe.

Mke wa fundi wa mageti alisikiliza huku akivutwa nywele. Yeye pia alikuwa mtu wa kuja, na miaka ya ndoa inayotakiwa ili kuomba ukaazi ilikuwa imemtimia mwezi huo. Lakini mama yake mzazi alikuwa kitandani, ng'ambo ya mpaka, na kaka yake kila akipiga simu alikuwa na neno moja: "Anakuulizia tu." Basi akakata shauri moyoni: kwanza aende kwa mama, akirudi ndipo aombe. Kibali chake cha kawaida kilikuwa bado na uhai. Fomu alishasaini, zikae kabatini zimngoje.

Mumewe naye alikuwa ameisikia hadithi hiyo, ila yeye alitoka nayo na funzo jingine.

Alasiri akamfuata mkewe kazini kwa dobi. Alimkuta kwenye mvuke wa pasi, miguu imevimba.

"Mke wangu, nimekutua mzigo," akasema, akitabasamu mpaka gego la mwisho. "Zile karatasi nimepeleka. Wamepokea."

Pasi ikasimama. "Umepeleka lini?"

"Asubuhi. Nikasema tusizembee, wakaguzi wakukute ungali hapa, yasije yakatukuta ya fundi saa."

"Na mama yangu je? Nilitaka niende kwanza."

Tabasamu likamshuka polepole. "Si ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Nikirudi umelala, nikiamka umeshatoka."

Mume akajikuna shingo. "Kuziondoa inawezekana. Ila wanasema ukiondoa, hupokelewi tena mpaka mwakani."

"Kibali kitakuwa kimekufa. Wakaguzi wanakuja lini?"

"Hawasemi. Wakisema, watakagua nini?"

Mke akairudisha pasi kwenye suruali ya watu.

Jioni mama mkwe akapewa habari yote. Akasonya, akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia mkwewe. "Nenda zako, mwanangu. Wakija nitavaa gauni lako, nijifunike shuka, nikohoe."

"Na hayo mapengo yako, mama?" mke akauliza.

"Nitakohoa nimefumba mdomo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha mke akaenda kukaa kwenye kizingiti, akampigia kaka yake, akamwomba amwekee mama simu sikioni.

"Mama, ni mimi. Kuna karatasi zimenishika mguu huku. Sijakusahau. Nisubiri, mama. Nisubiri kidogo tu."

Ikaja pumzi ndefu, kisha fupi. Mahali fulani kule kikombe kikawekwa chini. Akaibana simu sikioni, akangoja.